Balbu za Mabehewa Madogo

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kubandika ukanda wa LED kwenye dari za matatu. Unakata palipo na alama, kila baada ya LED tatu, unachomelea waya mbili, basi. Sikujua kuna wazee Marekani wanakata ukanda kama huo kuweka ndani ya mabehewa ya kuchezea.

Mabehewa yenyewe ni ya Lionel. Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni hiyo New York mwaka wa 1900, na kigari chake cha kwanza hakikuwa cha mtoto. Kilikuwa pambo la dirisha la duka, kizunguke ili wapita njia wasimame. Wakasimama kweli, halafu wakataka kununua pambo lenyewe! Nyumba nyingi wakati huo hazikuwa na stima, kwa hivyo treni zilikula betri. Reli tatu zikaja 1906, na kadiri nyaya zilivyoingia majumbani, transfoma ikachukua nafasi ya betri.

Mwaka wa 1941 yakatoka mabehewa ya Madison: marefu, mazito, ya bakelaiti, yenye balbu ndani. Baada ya vita, mengine yaliwekewa vivuli vya abiria madirishani. Zima taa za sebule, na hapo sakafuni unapita usiku mzima na watu wake.

Shida ni ulafi wa balbu. Chukua moja ya volti 18 na ampea 0.15: hiyo ni wati 2.7. Weka mabehewa manne yenye balbu mbili mbili, tayari karibu wati 22 zimeenda kabla injini haijavuta kitu. Halafu kuna joto. Bakelaiti inavumilia, lakini plastiki nyepesi iliyokuja baadaye hulegea, na paa likishapinda halirudi.

Mbona basi hawakubadilisha mapema? Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu mwaka wa 1962, lakini nani anataka abiria wake wakae kwenye mwanga wa baa? Nyeupe ilisubiri samawati. Samawati yenye nguvu ilitoka Japani 1993, mkononi mwa Shuji Nakamura. Ikapakwa fosfori ya njano, ukapatikana weupe. Nakamura, Akasaki na Amano walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014.

Kuubandika si kama kwenye matatu. Stima ya reli za Lionel inageuka mwelekeo kila mara, kwa hivyo unahitaji daraja la dayodi nne. Magurudumu yakipita penye uchafu, balbu haishtuki sana kwa sababu waya wake bado ni moto, lakini LED huzima papo hapo. Unaongeza kapasita. Hapo ndipo wengi huunguza kitu: volti 18 zikishanyooshwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita hufika karibu 24, na ukanda ni wa 12. Lazima uweke kidhibiti volti. Ukimaliza, milliampea 20 hivi zinatosha behewa zima.

Na baada ya hesabu hizo zote, wananunua LED ya rangi gani? Ile ya njano-njano, ifanane na balbu waliyoitoa.

Rangi unaweza kuiga. Kuna kingine. Kwenye transfoma za zamani, volti ndiyo mwendo. Ukirudisha mkono wa transfoma, treni inapunguza kasi na madirisha yanafifia pamoja nayo, hadi isimame stesheni karibu gizani. Fundi atakwambia hiyo ni kasoro, na kidhibiti chake kinaiondoa: mwanga uleule mpaka karibu na kusimama. Mimi sioni kama ni kasoro. Mtoto wa 1950 alijua treni inakaribia kufika kwa kutazama madirisha tu.

Ningepewa seti hiyo niirekebishe, ningeweka ukanda kote kwa ajili ya hayo mapaa, isipokuwa behewa la mwisho.