Amplifaya ya gitaa la besi kwa mazoezi ya nyumbani: mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Besi si ngeni kwetu. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilivuma kutoka Tanga miaka ya 1960 na 1970, na vikundi vya mji huo huo, Black Star na Lucky Star, viliingiza magitaa ya umeme kwenye taarab, besi likiwemo. Kijana wa Pangani akifanikiwa kupata gitaa la besi leo, kinachofuata ni kujiuliza: nilipigie kwenye nini? Bila amplifaya, gitaa hilo humsikia mwenyewe tu, tena kwa shida.

Wengi huanza na sabufa ya sebuleni. Tunaelewa, ipo tayari na haidai hela mpya. Tatizo ni kwamba uzi mnene wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde, nusu ya uzi mnene wa gitaa la kawaida, na kila ukiugusa sauti huja kwa kishindo. Nyimbo zilizorekodiwa zimeshapunguzwa vishindo hivyo studio. Spika ndogo ikilazimishwa, karatasi yake hupasuka au koili yake huungua, na redio ya familia imekwisha. Amplifaya ya gitaa la kawaida ina hatari hiyo hiyo. Kama huna njia nyingine, piga kwa sauti ya chini kabisa.

Ukienda dukani, usidanganywe na wati. Maandishi ya PMPO, hata yakisema wati 5000, yapuuze. Tafuta yaliyoandikwa RMS. Kisha geuza kifaa usome nyuma kinakula umeme kiasi gani. Kifaa kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa wati 1000, hata muuzaji aape. Kumbuka pia kwamba wati zikiongezeka mara mbili, sikio husikia nyongeza ndogo tu. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, wati huhitaji kuzidi karibu mara kumi. Kwa hiyo kulipa zaidi ili utoke wati 20 ufike 30 hakuna maana sana. Kwa chumbani, wati 15 hadi 30 na spika ya inchi 8 au 10 zinatosha. Kupiga pamoja na dramu ni habari nyingine kabisa, huko hata wati 100 huzidiwa.

Sisi tungetanguliza tundu la hedifoni kuliko wati. Nyumba zetu zimepakana, watoto wa jirani wanalala, adhana inaadhiniwa, na besi hupenya ukuta kuliko sauti nyingine yoyote. Hakikisha ukichomeka hedifoni spika inanyamaza. Kukiwa na tundu la kuunganisha simu ni bora zaidi, maana utapiga ukifuatisha wimbo. Fender Rumble 25, kwa mfano, ina vyote viwili.

Kwa wasiofikiwa na umeme wa gridi, zipo amplifaya za betri. Roland Micro Cube Bass RX hutumia betri sita za AA. Vox amPlug Bass ni kidude kinachochomekwa kwenye gitaa lenyewe, kinatumia betri mbili za AAA na kusikika kwa hedifoni tu. Kwa mazoezi ya usiku hakina mpinzani. Ukitumia sola na inveta, jaribu kwanza, kwani inveta za bei ya chini mara nyingi huleta mvumo kwenye spika.

Kwa mitumba, soma volti. Umeme wetu ni volti 230. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, na ukiichomeka ukutani hivi hivi itaungua. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, nayo ni gharama ya kujumlisha kwenye bei.

Hapa tunaomba msikilizaji asome taratibu. Nyuzi za gitaa huungana na bati la ndani la amplifaya kupitia waya. Hitilafu ikitokea na waya wa ardhi haupo, umeme huja mpaka vidoleni, na aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji yuko hatarini zaidi. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 aliposhika maikrofoni iliyokuwa na umeme. Usikate pini ya tatu ya plagi. Ukihisi vidole vinawashwa hata kidogo, achia gitaa mara moja ndipo uzime swichi ya ukutani, halafu mwite fundi umeme akague waya wa ardhi wa nyumba.

Nenda kununua na gitaa lako na waya wako. Piga uzi mnene bila kubana popote, sauti ndogo kisha ya wastani, usikilize kama kuna mkwaruzo. Zungusha kila kitufe. Mulika spika kwa tochi ya simu kutafuta mpasuko. Iache iwake robo saa. Harufu ya kuungua ikitoka, rudi na hela yako.

Ukishafika nayo nyumbani, ifunike kwa kanga ukimaliza kupiga na uiweke mbali na dirisha linalotazama bahari. Chumvi ya upepo wa Pangani hula matundu ya waya, na amplifaya huanza kukatakata sauti ingali mpya.