Farasi Aliyesahau Malisho

Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu Sultana ilitia nanga New York, imepakia zawadi za Sayyid Said bin Sultan kwa Rais wa Marekani, Martin Van Buren. Miongoni mwake walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya nchi ile haikumruhusu Rais kupokea tunu ya mfalme pasi na idhini ya Bunge, na mwishowe farasi wale wakauzwa. Safari ile ingali ikisimuliwa visiwani kwa ajili ya mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Farasi wenyewe hawana msimulizi, na hiyo ndiyo ada ya farasi tangu zamani: hutajwa siku ya fahari, baadaye hapana aulizaye wamelala wapi.

Damu yao ilikuwa imekwisha kuvuka bahari kabla. Mwaka 1704 Thomas Darley, mfanyabiashara wa Kiingereza aliyekaa Aleppo katika nchi ya Shamu, alipeleka kwao Yorkshire dume aliyekuja kuitwa Darley Arabian. Yeye, pamoja na Byerley Turk na Godolphin Arabian, ndio mababu wa Thoroughbred, farasi wa mbio ambao kitabu cha nasaba yao kilianza kuchapishwa mwaka 1791. Kati ya kila madume kumi wa leo, zaidi ya tisa hurejea kwa Darley Arabian upande wa baba.

Waingereza waliirithi mbio ya farasi huyu, lakini hawakurithi maisha yake. Farasi aliyetiwa pingu mbele ya hema la Mbedui alikuwa, japo amefungwa, na upepo, na watoto wa kumzunguka, na wenziwe wa kuwatazama. Wakufunzi wa Uingereza wa karne ya 18 walimtia katika zizi lenye joto, madirisha yamefungwa, mablanketi mgongoni, wakiamini kuwa jasho humpunguzia uzito na kumwongezea kasi. Halafu ikaja haraka. St Leger ya mwaka 1776 na Derby ya mwaka 1780 ziliwekewa farasi wa miaka mitatu. Mwana-farasi akawa anatolewa malishoni kabla hajamaliza kukua. Ukatili peke yake hautoshi kuieleza desturi hiyo. Mguu mmoja wa farasi wa mbio huweza kuwa na thamani ya shamba zima, na teke moja la mwenzake humaliza kila kitu. Katika viwanja vingi vya Marekani, isitoshe, malisho hayapo kabisa: farasi hutoka alfajiri kufanya mazoezi, hutembezwa mpaka apoe, hurudishwa chumbani, na mlango hufungwa mpaka kesho.

Mwili wake haukuumbwa hivyo. Farasi ni mlaji wa kidogo kidogo, mchana na sehemu kubwa ya usiku, na tumbo lake humimina asidi hata likiwa tupu. Apewapo nafaka kwa milo michache, vidonda vya tumbo humzukia. Wengine huyumba mlangoni kushoto na kulia saa nzima. Wengine hung'ata ubao na kuvuta hewa. Masaisi wa zamani waliita hayo tabia mbaya.

Na mbio zikiisha? Exceller, aliyewashinda Seattle Slew na Affirmed katika shindano moja mwaka 1978, alichinjwa Sweden mwaka 1997. Ferdinand, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka 1986, alipelekwa Japani kuzalisha, na mwaka 2002 akaishia machinjioni. Hao walikuwa na majina. Wasio na majina hawahesabiki.

Mwaka 1983 Monique Koehler alikwisha kuanzisha Marekani wakfu wa kuwapokea farasi waliostaafu. Wa kwanza kupokewa aliitwa Promised Road, yaani Njia Iliyoahidiwa. Mshairi asingethubutu kulibuni jina hilo. Mwaka uliofuata, gereza la Wallkill katika jimbo la New York lilitoa ardhi yake iliyokuwa ya ng'ombe wa maziwa, na wafungwa wakafundishwa kuwatunza farasi. Kinaya chake kinajisema chenyewe: waliofungiwa ndio waliokabidhiwa kazi ya kuwafungulia wengine.

Kufungua kwenyewe ni elimu. Aliyeishi miaka chumbani akiachiwa ghafla uwandani hukimbia kando ya ua mpaka atone jasho, au husimama langoni akingoja kurudishwa. Kwa hiyo huanzwa na kiwanja kidogo. Hushibishwa kwanza nyasi kavu, hutembezwa kwa kamba kuzunguka ua ili aujue mpaka, huvuliwa vyuma vya kwato za nyuma asije akamjeruhi mwenzake, na hupewa rafiki mmoja, mzee mtulivu. Nusu saa ya kwanza yatosha, kesho huongezwa. Majani mabichi nayo huja kwa kipimo, na nafaka hupunguzwa polepole, kwani tumbo lililozoea nafaka likijazwa majani ya ghafla huleta msokoto, au uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlemaza. Lugha ya wenziwe pia ameisahau. Hajui kuwa masikio yaliyolazwa nyuma maana yake ni "ondoka", na hujifunza kwa kuumwa. Mvua humshangaza. Nzi humtesa, maana ngozi yake ni nyembamba.

Wengine huzoea kwa majuma, wengine kwa miezi. Farasi huweza kusinzia akiwa wima, na halali ubavu mpaka awe na amani na mahali alipo. Mtunzaji huendelea kufungua lango kila asubuhi na kulifunga jioni, hadi siku moja amkute amejinyoosha majanini, matope shingoni, na yule mzee amesimama karibu yake akilinda.