Makiwa Katika Waraka: Kutoa Pole kwa Maandishi Kibaha na Kisarawe

Katika nchi ya Wazaramo na jirani zao Wakwere, ambamo Kibaha na Kisarawe zimo, haki ya kwanza ya mfiwa ni kufikiwa. Jirani huacha jembe, akaja, akakaa mkekani, akasema neno lake na kuitikiwa. Neno lenyewe ni fupi. "Makiwa" lina shina moja na "mkiwa" na "ukiwa": alisemaye haukanushi upweke wa mfiwa, bali huutaja kwa jina lake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo kwa asili, alieleza habari za mazishi na matanga katika kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903; na humo msiba ni jambo la watu kukusanyika.

Basi waraka wa pole ulizaliwa na umbali. Kuandika kulikuwako pwani kabla ya utawala wa Wajerumani; nyaraka za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892, zaonyesha jinsi salamu na heshima zilivyotangulia habari. Katika miaka ya 1890 wamisioni wa Berlin walifungua vituo Kisarawe na Maneromango, na herufi za Kirumi zikaenea kwa njia ya shule. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Chuo cha Minaki, wilayani Kisarawe, kilianza mwaka 1925, na kituo cha elimu cha Kibaha, kwa msaada wa nchi za Nordiki, mwaka 1963. Kila shule na kila kazi ya mshahara iliongeza idadi ya watu waliofiwa wakiwa mbali na kwao.

Mpango wa waraka huo haukuwa wa kubahatisha. Kwanza salamu, pili kukiri kuwa habari imefika, tatu kumrudishia Mungu kilicho chake, nne pole kwa wakubwa, kila mmoja kwa jina lake, mwisho udhuru wa kutofika, na ahadi ya kuja arobaini. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo kiini. Waraka haukuchukua mahali pa miguu, uliiombea radhi. Tena aghalabu ulisomwa kwa sauti mbele ya wakaa matanga, hata aliyekuwa mbali akasikika miongoni mwao.

Simu ya maandishi ililipiwa kwa kuhesabu maneno, kwa hiyo salamu zikakatwa na majina yakapungua. Tangu mwaka 2008 fedha nazo hutumwa kwa simu ya mkononi, na "rambirambi", ambalo ni neno la pole pamoja na kitu kifuatanacho nalo, kwa wengi limebaki kuwa jina la fedha tu.

Ufupi si kosa. "Makiwa" nalo ni neno moja. Kosa ni kusahau udhuru na majina. Mfiwa apokeaye ujumbe usiomtaja marehemu, wala usioeleza kwa nini mwandishi hakufika, amepewa habari kwamba msiba wake umejulikana; lakini hajafikiwa.