Mganda wa ngano ndani ya hisabati

Leo tuziweke programu kando kidogo tuongee historia ya hisabati, kupitia kitu ambacho sisi wa Eldoret tunakijua kutoka shambani: mganda wa ngano.

Mwaka 1946 Mfaransa Jean Leray alitangaza wazo la "fungu": habari zilizopangwa kipande kwa kipande juu ya umbo, kisha zikaunganishwa pale vipande vinapopandiana. Mwaka 1971 Jean Giraud, mwanafunzi wa Grothendieck, alichapisha kitabu kuhusu muungano unaokataa kukamilika. Jina alilotumia, gerbe, kwa Kifaransa ni mganda wa ngano.

Muungano unakataaje? Fikiria Kenya, Uganda na Tanzania, zinazokutana ndani ya Ziwa Victoria. Mwaka 1966 kila moja ilianza kutoa shilingi yake. Badilisha ya Kenya iwe ya Uganda, kisha ya Tanzania, kisha urudi. Ukipata kiasi kile kile, hilo ni fungu la kawaida. Kikirudi kimezidishwa kwa namba fulani, fungu limesokotwa. Mganda ndio daftari la namba hizo za ziada.

Ila namba tupu haziwezi kubeba msokoto wa kweli. Kila kipande lazima kibebe safu ya namba r, zikibadilishwa kwa matriksi. Sasa chukua ditaminanti: msokoto unapanda hadi kipeo cha r, lakini ditaminanti ni namba tupu, kwa hiyo msokoto huo lazima ujifute. Ndiyo maana msokoto unaojifuta kwa mara ya kwanza kwenye kipeo cha 3 unakubali r ya 3, 6 au 9, si 4!

Shida ikabaki kwenye namba za Chern (1946), zinazotusaidia kutofautisha mafungu. Kwa fungu lililosokotwa, utaanza kuhesabu kutoka wapi? Mwaka 2000 Andrei Căldăraru aliandika tasnifu juu ya mafungu haya huko Cornell, akaacha dhana isiyothibitishwa. Mwaka 2005 Daniel Huybrechts na Paolo Stellari walionyesha njia: chagua kwanza kipimo, B, kisha uhesabu. Ukibadilisha B namba zinabadilika, lakini kwa kanuni inayojulikana. Mwaka 2006 wakathibitisha dhana ya Căldăraru, baada ya kuirekebisha kidogo.

Mtu wa kompyuta asishangae. Sisi tunasema saa tatu asubuhi, seva inaandika 09:00. Zote ni sahihi, mradi utaje unahesabu kuanzia wapi.