Skrubu Nne za Leo Fender

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na gitaa alilitazama kwa jicho hilo: likiharibika lifunguliwe, litengenezwe, lirudi kazini. Ndiyo maana magitaa yake ya umeme, pamoja na Stratocaster ya mwaka 1954, hayakuunganishwa shingo kwa gundi kama ya Gibson. Shingo ilikazwa kwenye bodi kwa skrubu nne.

Gitaa zuri la bei ya kati lilizaliwa hapo. Chombo kinachoundwa vipande vipande kinaweza kuundwa popote penye mashine sahihi na mafundi makini, na Wajapani walilielewa hilo vizuri kuliko warithi wa Leo.

Mwaka 1965 Leo aliiuza kampuni kwa CBS, shirika la utangazaji, kwa dola milioni 13. Uzalishaji ukapanda, ubora ukayumba. Kuanzia 1971 shingo ya Stratocaster ilikazwa kwa skrubu tatu. Zingetosha kabisa, kama nafasi ya kuipachika shingo ingechongwa kwa makini. Mara nyingi haikuchongwa hivyo, na shingo ikawa inacheza. Mengi ya magitaa ya muongo ule ni mazito, yamepakwa rangi nene kama plastiki. Wapo wanaoyapenda, mimi simo.

Huku nyuma, kampuni za Japani kama Tokai na Greco zilikuwa zikiiga Stratocaster za zamani kwa uangalifu ambao California yenyewe ilikuwa imeuacha. Kuiga jina na umbo la mwenzako si jambo la kusifia, lakini kazi ya mikono yao ilikuwa safi, na bei ilikuwa ya chini.

Mwaka 1982 Fender ikaamua kuungana nao. Iliunda Fender Japan pamoja na wafanyabiashara wawili wa huko, Kanda Shokai na Yamano Gakki, na kazi ikapewa kiwanda cha FujiGen mjini Matsumoto. Magitaa ya kuuzwa Ulaya yakabandikwa jina la Squier, kampuni ya zamani ya nyuzi kutoka Michigan ambayo Fender ilikuwa imeinunua. Namba za utambulisho za magitaa hayo zilianza na herufi JV. Yalikusudiwa wanamuziki wasio na uwezo wa kununua gitaa la Marekani. Leo wakusanyaji ndio wanaoyagombea.

CBS ilipoiuza Fender mwaka 1985 kwa kundi lililoongozwa na Bill Schultz, kiwanda cha Fullerton hakikuwa sehemu ya mauzo. Kwa kipindi kifupi, magitaa mengi yenye jina hilo la Kimarekani yalitoka Japani. Baadaye kikaja kiwanda cha Corona, California, na mwaka 1987 kile cha Ensenada, Mexico, saa chache kwa gari kutoka Corona. Hata hivyo, dukani neno "Mexico" hushusha bei papo hapo, kabla mtu hajagusa uzi.

Kulikagua gitaa dukani, mimi ningeanza na shingo, si jina la nchi. Ilenge kwa jicho kutoka kichwani kuelekea bodi, uone kama imepinda. Pitisha kiganja pembeni. Ncha za freti zikikukwaruza, kuna hatua ya kazi iliyorukwa. Bonyeza kila freti katika kila uzi, hasa zile za juu ambako mpiga solo huvuta nyuzi, usikilize kama sauti inakufa. Kisha linganisha noti ya freti ya 12 na mlio wa uzi mtupu: ziwe noti ileile, oktava moja juu.

Pikapu dhaifu na vidhibiti vya sauti vinavyokwaruza hubadilishwa kwa mchana mmoja. Shingo nayo hubadilishwa, Leo alitaka hivyo, lakini mpya iliyo nzuri inaweza kumeza sehemu kubwa ya bei ya gitaa zima. Kwa hiyo kati ya gitaa la Ensenada lenye shingo nyoofu na pikapu za kawaida, na la Corona lililopinda shingo linalouzwa kwa bei hiyohiyo, nachukua la Ensenada.