Kiti cha mtoto Jack

Treni ya SGR ikishaipita Gulwe, wilayani Mpwapwa, abiria wengi huwa wamesinzia. Nje ya dirisha wanaambaa na nyika iliyoogopwa na misafara: Marenga Mkali. Malenga kwa Kigogo ni maji. Ukali wake ni ule wa chumvi.

Mwishoni mwa 1884 alivushwa huku mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu. Wazazi wake, Annie na Edward Hore wa shirika la kimisionari la London Missionary Society, walikuwa wakielekea Ziwa Tanganyika. Mama aliandika kitabu, kikatoka 1886, nami nakifuata.

Walikuja na kiti cha magurudumu, cha aina waliyosukumiwa wagonjwa mitaani Uingereza. Njia yenyewe ilikuwa ya mguu, ya kufuatana kwa mstari mmoja, miiba huku na huku. Kiti kikatundikwa mitini, kikawa machela; wapagazi wakapokezana mabegani, mama kampakata Jack.

Ugogoni palikuwa na hongo, ushuru wa kupita. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia kama unyang'anyi, na vitabu vingi vimeurithi ugomvi huo bila kuuliza. Kisima kachimba Mgogo, mvua ni ya kubahatisha. Msafara wa mamia ya watu ukishakunywa, ng'ombe wa mwenyeji wanywe nini?

Na wabebaji wa misafara nao wengi walikuwa wazazi. Wapagazi wa Kinyamwezi mara nyingi walifuatana na wake zao, chungu kichwani, mtoto mgongoni. Dk. Joseph Mullens wa shirika hilohilo alifariki 1879 karibu na Mpwapwa, na jina lake limehifadhiwa. Watoto wa wapagazi waliozikwa kando ya njia, nani aliwaandika?

Reli ilifika Dodoma 1910, misafara ikafa. Tangu 2006 njia hii ya misafara, pamoja na Mpwapwa na Kilimatinde, imewekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Ya awali, miaka yote hiyo! Fedha za kuchonga vibao vya wageni mashuhuri hazikosekani kamwe.

Akina Hore waliingia Ujiji Januari 1885, baada ya siku kama tisini, wakahamia kisiwa cha Kavala. Jack aliishinda nyika, akaishi ziwani hadi familia iliporudi kwao. Akafariki Uingereza, 1889. Kitabu cha mama yake kilikuwa na miaka mitatu tangu kichapwe. Humo Jack bado yu hai, kapakatwa kitini.