Gari Limezima Kitomanga: Historia Fupi ya Lugha ya Mafundi wa Magari

Katika kurasa kama hizi, mazungumzo juu ya istilahi mara nyingi huanzia vitabuni, au katika orodha za maneno zilizoletwa na wataalamu ili zijadiliwe na kusanifiwa. Safari hii tumeona ni vema tuanzie kando ya barabara. Huko ndiko istilahi inakopimwa kwa mizani ya kweli, kwani aliyekwama njiani hana nafasi ya kubishana juu ya neno. Anataka aeleweke ili asaidiwe.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1986. Tulikuwa tukitoka Kilwa kwenda Lindi katika gari la petroli ambalo hata siku zile lilikuwa limekwisha kula chumvi nyingi. Barabara ilikuwa ya udongo na mchanga, jua lilikuwa kali, na vipuri vilikuwa adimu nchini kote. Tulipokaribia Kitomanga, yapata saa nane mchana, injini ilipiga mishindo miwili katika ekzosi, ikazimika. Dereva aliliacha gari lipoe, akalijaribu tena. Likawaka, likaenda mwendo mfupi, likazimika kwa mara ya pili. Baada ya hapo halikuwaka tena.

Simu haikuwapo. Jioni lilipita lori likielekea Lindi, na dereva wetu akampa mwenziwe ujumbe huu: "Ndugu yangu, ukifika mwambie fundi gari letu limezima Kitomanga, halina moto." Ujumbe ulifika kama ulivyotumwa, pasipo kupunguzwa hata neno moja. Sisi tulilala kijijini, ambako wenyeji walitukirimu kwa ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki. Kesho yake mchana fundi alishuka katika basi, na utingo akamteremshia kutoka juu ya keria betri nzima, nzito, iliyofungwa kwa kamba za katani.

Fundi hakugusa kitu kabla ya kuuliza. "Stata inazungusha?"

"Inazungusha vizuri sana, fundi," dereva akajibu.

"Sasa mbona mlisema halina moto?"

"Halina, fundi. Moto hauji kwenye plagi."

Fundi aliitazama ile betri aliyoibeba kutoka Lindi, akanyamaza. Kwake yeye, gari lisilo na moto ni gari ambalo betri yake imekufa. Kwa dereva, ni gari lisilotoa cheche. Fundi alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini, akaagiza stata ipigwe. Ikaonekana cheche hafifu ya rangi ya manjano, mahali ambapo ingepasa kuonekana cheche ya buluu yenye mlio. Akafungua kifuniko cha distributa, akakuta pointi zimeungua na kuota vijichuguu. Kosa lilikuwa katika kondensa, kifaa kidogo kinachoweza kutiwa katika mfuko wa shati. Fundi hakuwa nacho, kwa sababu hakuna aliyemwambia akichukue. Ikabidi arudi Lindi, nasi tukalala Kitomanga usiku wa pili.

Mkasa huo tumeuweka moyoni miaka mingi, na kila tulipoutafakari tumejiuliza swali moja: ni neno gani lililotupotosha? Wengi wetu tumezoea kuyalaumu maneno ya kigeni. Lakini kondensa, distributa, koili na pointi hayakumpotosha mtu yeyote siku ile. Neno lililotupotosha lilikuwa letu wenyewe, tena la kale, ambalo kila mtoto analijua. Ili kueleza jinsi lilivyofikia hali hiyo, hapana budi turudi nyuma kidogo katika historia.

Pwani hii ya Kilwa na Lindi ilijua vyombo vya safari karne nyingi kabla ya gari. Kwa hiyo motokaa ilipoingia, lugha ilikuwa na akiba ya baharini tayari. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa lori. Shehena, abiria na nauli ni maneno ya bandarini yenye asili ya Kiarabu, nayo yalipanda nchi kavu bila kubadili maana. Hata rubani alikuwa mwelekezi wa vyombo vya majini kabla hajaendesha ndege. Neno gari lenyewe lilitujia kutoka Bara Hindi.

Gari lenyewe lilichelewa kufika kusini. Paul Graetz, Mjerumani aliyeondoka Dar es Salaam kwa motokaa tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, katika pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909, aliielekeza safari yake magharibi. Huku kwetu mizigo iliendelea kupanda vichwani. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya madinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ilichukuliwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini, ikasafirishwa kwa meli hadi Ujerumani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliposonga mbele kutoka Lindi hadi mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, malori yalishindwa mara kwa mara na matope na mchanga, na mzigo ukarudi tena kichwani mwa mpagazi.

Lugha ya ufundi ilienea kwa kasi baadaye, kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni Vita Kuu ya Pili, ambapo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walifundishwa udereva na umakanika jeshini. Ya pili ni Mpango wa Karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, uliofanyika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango huo uliliingiza Jimbo la Kusini matrekta, malori, karakana na reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa, na reli nayo ilifungwa katika miaka ya 1960. Kilichobaki ni mafundi, na mafundi walibaki na maneno yao: spana, jeki, gia, klachi, kabureta, plagi, rejeta. Maneno hayo yalichukuliwa pamoja na vifaa vyenyewe, jina moja kwa kitu kimoja, yakavishwa irabu za Kiswahili na kutumika.

Lakini mambo yanayotendeka ndani ya injini hayana umbo la kushikwa mkononi, na hapo mafundi hawakuazima. Walitumia maneno ya nyumbani, hasa ya taa na ya jiko. Gari huwashwa, huwaka, huzimwa, huzima, kama kibatari. Walitumia pia maneno ya mwili wa binadamu: gari hukohoa, huchoka, hufa, hufufuliwa, na likikataa kabisa husemwa limegoma. Ni lugha yenye uzuri wake, na yenye usahihi kuliko wengi wanavyodhani. Tazama vitenzi vitatu: gari limezimwa, gari limezima, gari limezimika. Cha kwanza kinaonyesha mkono wa mtu. Viwili vya mwisho vinaonyesha kuwa jambo limetokea lenyewe, nacho kile cha tatu kinalitilia mkazo. Fundi hodari huanza uchunguzi wake hapo hapo.

Hebu tuufuate uchunguzi huo kwa mpangilio wake katika gari la petroli la zamani. Swali la kwanza: limezimika ghafla au pole pole? Likizimika ghafla kama taa iliyopulizwa, shaka ya kwanza huwa katika umeme. Likizimika kwa kusitasita na kupungua nguvu, shaka ya kwanza huwa katika petroli. Swali la pili: stata inazungusha? Isipozungusha, hukaguliwa betri, vichwa vyake na nyaya zake. Ikizungusha kwa nguvu, betri haina lawama. Swali la tatu: plagi inapata cheche? Swali la nne: petroli inafika kwenye kabureta? Maswali haya manne yakijibiwa kwa uaminifu, mahali pa kosa huwa pamekwisha kupungua kabla spana haijatolewa mfukoni.

Hali iliyotupata Kitomanga, ya gari kuzimika likiwa na joto na kuwaka tena likipoa, huwa na sababu mbili kubwa zinazofanana sana kwa nje. Ya kwanza ni petroli kugeuka mvuke katika bomba kwa ajili ya joto, hata pampu ikashindwa kuisukuma. Dawa yake ni kuliacha gari lipoe, au kulifunika bomba kwa kitambaa chenye maji. Ya pili ni koili au kondensa iliyochoka, ambayo hufanya kazi ikiwa baridi na kushindwa ikipata joto. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kwa kila sekunde. Kila mara pointi zinapoachana, kondensa huupokea umeme ambao ungeruka baina yao. Ikishindwa, pointi huungua, na cheche katika plagi hufifia. Anayezitenganisha sababu hizi mbili ni yule aliyeuliza swali la tatu na la nne, kila moja peke yake.

Sasa lipime neno moto katika mazungumzo ya gereji. Waya wa moto ni waya wenye umeme. Betri haina moto, yaani chaji imekwisha. Moto hauji kwenye plagi, yaani hakuna cheche. Injini imepata moto, yaani imechemka. Gari limeshika moto, yaani linateketea, na watu wakimbie. Maana tano katika neno moja, na kila moja inadai hatua tofauti na kipuri tofauti. Neno mafuta nalo lina hali hiyo hiyo: mafuta yamekwisha huweza kuwa petroli, dizeli, au oili ya injini. Aliyeishiwa petroli atasimama tu, lakini aliyeishiwa oili akiendelea na safari ataiua injini.

Mafundi wenyewe hawapotei sana kwa sababu wamesimama mbele ya kitu kimoja, na jicho hukamilisha kile ambacho neno limekipunguza. Shida huanza neno linapolazimika kusafiri peke yake: katika barua, katika ujumbe wa dereva wa lori, katika kitabu cha mafunzo. Hapo ndipo kazi ya kusanifu istilahi inapoonekana faida yake.

Kazi hiyo ina historia ndefu. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 likaanza kutoa orodha za istilahi katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Katika juhudi hizo zote, swali lililopata nafasi kubwa lilikuwa namna ya kupata neno mahali ambapo halipo. Mkasa wa Kitomanga unatukumbusha swali la pili, lisilosemwa sana: tufanye nini mahali ambapo neno lipo, lakini limebebeshwa mzigo kupita kiasi?

Jibu letu ni kwamba hatuna haja ya kubuni. Maneno yamo ndani ya lugha, yanangoja kugawiwa kazi. Cheche ni neno la kale, basi na litumike kwa kile kinachoruka katika plagi. Chaji ibaki kwa betri, umeme kwa kinachopita katika waya, kuchemka kwa injini iliyozidi joto, na moto uachiwe moto. Petroli, dizeli na oili zitajwe kwa majina yao. Hatumwombi fundi aache kusema moto akiwa gerejini mwake. Tunawaomba waandishi wa vitabu vya ufundi, walimu wa vyuo na watunga kamusi wasiliandike neno hilo pasipo kulipambanua.

Tangu siku zile mengi yamebadilika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, lami ikaunganishwa hadi Lindi, na simu iko katika mfuko wa kila dereva. Magari mapya hayana pointi wala kabureta. Kompyuta ndiyo inayopanga wakati wa cheche na kiasi cha petroli. Hata hivyo, gari bado huzimika njiani, na dereva bado humpigia fundi simu kumweleza kile ambacho fundi hakioni. Neno bado linasafiri peke yake, ila sasa linasafiri kwa kasi zaidi.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, fundi wetu alirudi Kitomanga. Mara hii hakubeba kitu mkononi. Alitoa kondensa katika mfuko wa shati, akaifunga, akazisugua pointi kwa msasa na kuzipima nafasi yake. Stata ikapigwa mara moja tu, gari likawaka. Tulipomuuliza ujira wake, alitaja fedha ya safari moja, akasema ya kwanza haikuwa kosa letu wala lake. Tulimlipa safari zote mbili, maana tulijua kosa lilikuwa la nani: lilikuwa la neno, na sisi tunaoshughulika na maneno ndio tuliostahili kulilipia.